Kusafiri na kamera kwa ndege: kufunga vifaa vya likizo ya Serengeti na Zanzibar

Mwongozo huu unafuata safari moja ambayo watu wengi huifanya: unatua uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwa ndege kubwa, unapanda ndege ndogo Arusha kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, kuona wanyama, halafu unamalizia siku chache Zanzibar. Ukiweza kufunga kamera kwa safari hii, nyingine zote zitakuwa nyepesi, kwa sababu hapa utakutana na mizani mikali, vumbi, umeme wa saa chache na joto la pwani, vyote ndani ya wiki moja.

Hatua ya 1: Tafuta ndege ndogo kuliko zote utakazopanda

Andika kila ndege ya safari kwenye karatasi, na pembeni yake uzito na vipimo inavyoruhusu. Begi la mkononi daraja la kawaida ni kilo 7 kwa Qatar Airways na Emirates, kilo 8 kwa Turkish Airlines, na kilo 12 kwa KLM, ila hizo 12 za KLM ni jumla ya begi na mkoba mdogo. Angalia tena wiki ya safari, maana mashirika hubadilisha.

Kinachotawala safari nzima, hata hivyo, ni ile Cessna Caravan ya Arusha. Kwenye ndege za namna hii kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa abiria, na ndani ya hizo 15 zimo nguo, viatu, kamera na hata mkoba unaouning'iniza begani. Vyote hupandishwa kwenye mizani. Begi linatakiwa liwe laini, lisilo na fremu ngumu wala magurudumu, kwa sababu mizigo husukumwa ndani ya kiboksi kilicho chini ya tumbo la ndege, na kiboksi hicho ni kifupi na chembamba. Sanduku gumu haliingii hata kama lina kilo 6 tu.

Ukali huo una sababu. Seronera iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari na Arusha iko karibu meta 1,400. Mchana jua likiwaka hewa huwa nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kunyanyua, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Rubani anapokataa kilo tatu za ziada anakuwa ameshapiga hesabu ya mafuta na abiria.

Kama kweli unahitaji uzito zaidi, uliza wiki mbili kabla ya safari. Makampuni mengi hukuuzia kilo za ziada au kiti kizima cha mzigo, mradi nafasi ipo. Ukiuliza asubuhi ya safari, jibu litategemea nani mwingine amepanda siku hiyo.

Hatua ya 2: Chagua vifaa kwa mizani

Chukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Pima kila kifaa peke yake na uandike. Mfano ufuatao unatumia vifaa vya Canon, lakini hesabu ni ileile kwa Nikon, Sony au Fujifilm:

- Begi tupu la mgongoni, laini: gramu 1,300
- Bodi (mwili wa kamera) ya R6 Mark II, na betri na kadi ndani: 670
- Bodi ya R7, na betri na kadi ndani: 612
- Lenzi RF 100-500mm, bila kola ya stendi (pete ya kuifungia kwenye stendi): 1,370
- Lenzi RF 24-105mm f/4: 700
- Lenzi RF 16mm f/2.8: 165
- Betri tatu za akiba: 240
- Chaja na waya zake: 200
- Kadi za akiba na diski ndogo ya nje: 110
- Pawabenki ya mAh 20,000: 380
- Kipulizo cha mpira, vitambaa na brashi: 120

Jumla ni gramu 5,867. Umebakiwa na zaidi ya kilo moja kabla ya kugonga 7, na kilo 9 za nguo kwenye ndege ndogo, begi la nguo likiwemo. Inatosha: safari hii haihitaji suti.

Tazama mahali ambapo uzito umejificha. Begi tupu limekula karibu robo ya mzigo wote. Mabegi ya kamera yenye pedi nene na magurudumu huanzia kilo 3, yaani umepoteza karibu nusu ya kilo 7 kabla hujaweka hata lenzi moja. Begi la kawaida la shule lililoshonwa vizuri, ukiliwekea visanduku laini vya pedi ndani, hufanya kazi ileile na halimtangazii mwizi kilichomo.

Lenzi ndefu ndipo pa kufikiri sana. Sony 200-600mm ina gramu 2,115 na Sigma 150-600mm Contemporary ina takriban 1,930. Ni lenzi nzuri, lakini kila moja inakula zaidi ya robo ya kilo 7. Kwa Serengeti usiende chini ya milimita 400. Simba huweza kulala hatua kumi kutoka kwenye gari, lakini chui yuko juu ya mti wa mbali, na ndani ya hifadhi gari halitakiwi kutoka barabarani kumfuata. Mwenye bajeti ndogo achukue RF 100-400mm ya gramu 635 aifunge kwenye bodi yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo kama R7. Sensa hiyo huikuza picha mara 1.6, kwa hiyo 400 inakuwa kama 640.

Bodi mbili si anasa. Vumbi la Serengeti ni laini kama poda, na kila unapobadilisha lenzi ndani ya gari unalikaribisha kwenye sensa. Weka lenzi ndefu kwenye bodi moja, ya kati kwenye nyingine, na usizitenganishe hadi jioni. Bodi moja ikifa, safari inaendelea. Kama huna ya pili, azima ya rafiki. Hata ya zamani inafaa.

Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani. Kwenye gari la kufunua paa haina pa kusimama. Badala yake chukua mfuko wa maharagwe: mfuko wa kitambaa kigumu wenye zipu, mtupu, usiozidi gramu 200. Ukifika Arusha nunua sokoni kilo mbili au tatu za maharagwe au mchele, ujaze, uuweke juu ya ukingo wa paa la gari na ulaze lenzi juu yake. Ukienda kwa gari kutoka Arusha, jaza hukohuko mjini. Ukienda kwa ndege, mwandikie dereva mapema akujazie, la sivyo hizo kilo tatu zitahesabiwa kwenye zile 15. Siku ya kuondoka unamwachia mtu akapike.

Hatua ya 3: Betri

Hapa ndipo watu wengi hunyang'anywa vitu, na mara nyingi ni kwa kutojua kusoma namba moja. Betri za lithiamu hupimwa kwa wati-saa, alama yake Wh. Kama haijaandikwa, zidisha volti kwa mAh kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya Canon LP-E6NH ina volti 7.2 na mAh 2,130, kwa hiyo ni kama Wh 15. Ya Sony NP-FZ100 ni Wh 16.4. Zote ziko mbali sana na mpaka.

Mipaka ni mitatu. Hadi Wh 100 unabeba bila kuomba ruhusa. Zaidi ya 100 hadi 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Zaidi ya 160 abiria habebi kabisa. Betri za kamera hazitakusumbua. Pawabenki ndiyo husumbua. Seli zake zina volti 3.7, kwa hiyo mAh 20,000 ni Wh 74, mAh 27,000 ni Wh 99.9, na mAh 30,000 ni Wh 111, ambayo tayari imevuka. Usifanye hesabu kwa volti 5 za tundu la USB. Utapata jibu baya.

Kanuni isiyo na mjadala: betri yoyote ya akiba, na pawabenki yoyote, hukaa kwenye begi la mkononi. Kamwe isiende tumboni mwa ndege. Betri ya lithiamu ikipata shoti hujipasha yenyewe, seli moja huichoma ya jirani, na moto huo ni mgumu kuzimwa. Ndani ya chumba cha abiria wahudumu wataona moshi na kufanya kitu.

Kwa pawabenki sheria zimekazwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates wanaruhusu moja tu kwa abiria, isiyozidi Wh 100. Huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege, na haiwekwi kwenye kabati la juu. Mashirika mengine yana masharti yanayofanana. Kwa hiyo chukua moja nzuri, yenye uwezo wake umeandikwa wazi kwenye ganda. Zile za barabarani ambazo maandishi yamefutika, au zinazojigamba mAh 50,000 zikiwa na ukubwa wa simu, huchukuliwa kwenye ukaguzi na huna la kujitetea.

Namna ya kuzifunga:

1. Funika vichwa vya shaba vya kila betri kwa kifuniko chake cha plastiki. Kama kimepotea, bandika selotepu.
2. Weka kila moja kwenye kijifuko chake, mbali na funguo na sarafu. Sarafu moja inatosha kuunganisha chanya na hasi.
3. Zilizojaa zitazame upande mmoja, zilizoisha upande mwingine. Usiku kambini utajua kwa kupapasa tu.
4. Betri iliyovimba, hata kidogo, usiibebe. Peleka kwenye duka linalopokea taka za elektroniki.

Betri za bandia za kamera zina tatizo jingine: nyingi hazitoi taarifa sahihi kwa kamera, na hukata ghafla zikionyesha bado nusu. Nyumbani si neno. Nyumbu wakiwa wanaruka mto Mara, ni msiba.

Hatua ya 4: Kupanga begi

Lenzi ndefu ndiyo ya kwanza kuingia, ikiwa imesimama au kulala upande wa mgongo wako, mahali salama zaidi kwa uzito. Irudishe kwenye kipimo chake kifupi, funga swichi ya kuzuia isichomoke, geuza kikinga jua kinyume, weka vifuniko vya mbele na nyuma. Itenganishe na bodi. Lenzi ya kilo moja na nusu ikibaki imefungwa kwenye kamera, kila begi linapodondoshwa pete ya chuma inayowaunganisha ndiyo inayobeba pigo, na ikipinda hata kidogo upande mmoja wa picha utakuwa na ukungu.

Bodi ziwekwe kila moja na kifuniko chake, kioo cha nyuma kikitazama ndani. Kama kioo kinakunjwa, kikunje kitazame kamera. Zima swichi. Kamera iliyoachwa imewashwa ndani ya begi hubanwa vitufe na kufika betri imekwisha.

Kadi na diski ya nje zisikae pamoja na kamera. Tafuta mkoba mdogo bapa wa kifuani au kiunoni, weka humo kadi, diski, pasipoti, betri zote za akiba na pawabenki. Mkoba huu hautoki mwilini mwako. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya 6.

Kwa mvua na vumbi usitegemee mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na ndani ya hifadhi za Kenya plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi tangu Juni 2020. Mifuko midogo ya zipu ya kubebea vipodozi Tanzania inavumiliwa ikiwa utaondoka nayo. Kinga bora ni mfuko wa kitambaa usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo, pamoja na kanga mbili. Kanga moja hufunika kamera mapajani gari linapotembea. Ya pili hukaa kavu kwa usiku. Usichague kitambaa cheusi wala cha buluu iliyokolea, kwani mbung'o huvutwa na rangi hizo, nawe hutaki wakukusanyikie wakati unalenga.

Vinavyoenda kwenye begi la chini: vifunguo vya skrubu, kisu kidogo, stendi kama umeshikilia kuibeba, mfuko mtupu wa maharagwe, adapta za plagi. Mkebe wa hewa iliyobanwa wa kusafishia usiuweke popote. Hauruhusiwi kwenye ndege, chini wala juu. Ndiyo maana kwenye orodha kuna kipulizo cha mpira. Dawa ya kusafishia lenzi isizidi mililita 100 kama iko mkononi.

Wanaopiga bado kwa filamu: usiiweke kamwe kwenye begi la chini, mashine za huko zina mionzi mikali na huiunguza. Viwanja vingi vina mashine mpya za CT hata kwa mabegi ya mkononi, nazo huharibu filamu hata ya ISO ndogo. Zitoe kwenye vikopo, ziweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani, uombe kwa adabu zikaguliwe kwa mkono. Kadi za kidijitali hazidhuriwi na mashine yoyote kati ya hizi.

Hatua ya 5: Karatasi

Tengeneza orodha ya ukurasa mmoja: jina la kifaa, namba yake ya utambulisho (serial number) iliyochongwa chini, thamani. Piga picha namba zenyewe. Ambatisha risiti kama unazo. Hifadhi nakala kwenye simu na kwenye barua pepe.

Kwa anayeishi nyumbani na anasafiri nje, orodha hiyo ni muhimu zaidi wakati wa kurudi, kwani ofisa wa forodha akiuliza kama kamera umeinunua huko, utahitaji kuonyesha uliondoka nayo. Ikiwa vifaa ni vingi, pitia dawati la forodha kabla ya kuondoka uombe viandikwe. Na kwa yeyote anayewaletea ndugu kamera mpya: iliyo ndani ya boksi lake na plastiki yake inaonekana kama bidhaa ya kuuzwa, na itaulizwa ushuru.

Bima. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, fidia ya mzigo uliopotea au kuharibika kwenye safari ya kimataifa ina kikomo cha SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria tangu tarehe 28 Desemba 2024, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Lenzi moja nzuri inaweza kumaliza hizo zote, na mashirika mengi huandika kwenye masharti yao kwamba vitu dhaifu vya thamani visikabidhiwe. Bima ya safari ya kawaida nayo huwa na kikomo kwa kifaa kimoja. Soma mstari huo kabla ya kulipa. Mzigo ukiharibika, andikisha ripoti uwanjani kabla hujatoka nje, kisha peleka madai kwa maandishi ndani ya siku 7. Mzigo ukichelewa kufika, siku ni 21 tangu uupokee.

Droni: ukiwa huna kibali mkononi, iache. Tanzania kibali hupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vyombo vya ulinzi, Kenya kuna kanuni za mwaka 2020, na ndani ya hifadhi ni marufuku bila ruhusa ya pekee. Itazuiwa uwanjani, na utakuwa umebeba gramu zake bure. Picha za likizo hazihitaji kibali cha kupiga filamu. Ukitokea na taa, maikrofoni zenye fimbo ndefu na watu watatu, utaulizwa. Na popote ulipo, kamera isielekezwe kwenye kambi za jeshi, vizuizi vya polisi wala sehemu za ukaguzi za uwanja wa ndege.

Hatua ya 6: Siku ya kuruka

Mbele ya kaunta, begi la kamera liwe mgongoni na lionekane jepesi: mikanda imekazwa, hakuna kinachoning'inia. Usiliweke sakafuni kwa kishindo. Ukiambiwa limezidi, usibishane juu ya kilo 7. Vaa koti lenye mifuko mikubwa, toa lenzi ya kati na bodi moja uziweke humo, limebaki jepesi. Kamera iliyoning'inia shingoni mara nyingi haipimwi.

Ukibanwa kabisa mlangoni mwa ndege wakisema kabati zimejaa, kuna utaratibu wa dakika moja. Toa betri zote za akiba na pawabenki (zimo kwenye mkoba mdogo, kwa hiyo zimeshatoka). Toa bodi mbili na lenzi ndefu, ziweke kwenye mfuko wa kitambaa unaokunjika ambao ulikuwa chini ya begi. Kinachobaki kwenda chini ni lenzi ndogo, chaja na vitambaa. Uliza kama litarudishwa mlangoni pa ndege au kwenye mkanda wa mizigo.

Viwanja vyetu, Dar, Nairobi na KIA, hukagua mabegi mlangoni unapoingia na tena ndani kabla ya kupanda. Panga begi kwa ukaguzi wa mara mbili: bodi na lenzi ndefu ziwe na uwezo wa kutolewa kwa mkono mmoja, ziwekwe kwenye trei, zirudi bila kufumua kila kitu. Subiri aliye mbele yako apite kwenye fremu ndipo usukume begi lako. Likitangulia, litakaa upande wa pili bila macho yako.

Ndani ya ndege weka begi chini ya kiti cha mbele ukiweza, kwani kabatini mwenzako atasukumizia sanduku lake. Simu au pawabenki ikiteleza kati ya viti, usisogeze kiti kuitafuta. Kiti huibana na kuipasua betri, na huo ndio mwanzo wa moto. Mwite mhudumu.

Hatua ya 7: Ndege ndogo na kambini

Arusha, mwambie anayepakia kwamba begi dogo ni kamera na uombe likae nawe. Mara nyingi wanakubali kama uzito wote uko ndani ya 15, na unalipakata. Angani usifungue lenzi. Ndege hutikisika, hasa mchana. Ukitaka picha za kutoka dirishani, tumia simu au lenzi ya 24-105, na usiiegemeze kwenye kioo, mtetemo utaitia ukungu picha.

Seronera mlango unafunguliwa huku pangaboi zikiwa zimerusha vumbi dakika chache kabla. Begi libaki limefungwa hadi uingie kwenye gari.

Saa ya kamera irekebishe usiku wa kwanza, zote mbili, kwa saa ya Afrika Mashariki. Zikitofautiana hata dakika tatu, picha zitachanganyika utakapozipanga.

Umeme kambini mara nyingi ni wa jua au jenereta, kwa saa maalumu. Uliza saa hizo unapopokelewa. Tanzania plagi ni ya pini tatu za mraba kama ya Uingereza, volti 230. Beba adapta moja na kigawanyio kidogo chenye matundu matatu, kwa sababu chumbani huenda pana soketi moja tu. Kwa siku yenye kuanza saa kumi na mbili asubuhi hadi magharibi, hesabu betri mbili kwa kila bodi ya kisasa. Kamera nyingi za sasa huchajiwa kwa USB-C, kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana pawabenki inafanya kazi ndani ya gari.

Kila jioni, kwa mfuatano huu: pulizia nje ya kamera kwa kipulizo ikitazama chini, brashi kwenye maungio ya lenzi, kitambaa kwenye kioo mwisho kabisa. Ukianza na kitambaa unasugua mchanga juu ya kioo. Kisha nakili picha kwenye diski. Kadi ya GB 64 huchukua takriban picha ghafi (RAW) 2,000 za kamera ya megapikseli 24, na kwa kupiga mfululizo huijaza siku moja bila kujua. Usifute kadi baada ya kunakili. Kadi zilizotumika zibaki kama nakala ya kwanza, diski ya pili, na picha kumi bora zitume kwenye simu kama mtandao upo.

Hatua ya 8: Zanzibar

Adui sasa ni unyevu. Chumba chenye kiyoyozi kikali kikipoza kamera, ukitoka nje lenzi hujaa umande ndani ya sekunde, na wakati mwingine hata ndani ya vioo. Usifute, na usibadilishe lenzi. Njia ni kuizuia: dakika 45 hivi kabla ya kutoka, weka begi likiwa limefungwa sehemu ya chumba isiyopulizwa na kiyoyozi, au barazani kivulini. Kamera ipate joto polepole ndani ya begi.

Ufukweni upepo hubeba chumvi. Jioni futa ganda la nje kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa vizuri, kisha kikavu. Vipakti vya silika vitie ndani ya begi ukifunga, kwani kuvu huota kwenye lenzi iliyofungiwa na unyevu, na ikishaota kuing'oa ni kazi ya fundi. Kwenye mashua za kwenda kisiwa cha Mnemba, kamera ikae ndani ya mfuko wa kukunja mdomo hadi chombo kitulie.

Hatua ya 9: Kurudi

Wakati wa kwenda thamani ilikuwa vifaa. Wakati wa kurudi ni picha. Gawa nakala: kadi mwilini mwako, diski kwenye begi la kamera, na kama mnasafiri wawili, mwenzako abebe moja. Hakikisha mfuko wa maharagwe ni mtupu, pima tena, kwa sababu kanga za zawadi na viungo vya soko la Darajani vina uzito. Viungo viende begi la chini. Kadi zisiguswe hadi picha zote zimefunguka kwenye kompyuta ya nyumbani na nakala ya pili imetengenezwa, ndipo uzifute ndani ya kamera yenyewe.